Ati Mimi Nilikuwa Mkulima Wako

Mcharo,

Salamu sikupi. Najua barua huanza na salamu, halafu mtu anasema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Mimi kwako sina wasiwasi wowote. Umelala kwenye udongo mweusi wenye mboji, ule ule ambao mimi na wewe tulihangaika nao miaka mingi usiteremke bondeni. Lala tu. Mwenye shida ni mimi niliyebaki huku juu nikichekwa.

Mkawasi aliponiona nimeshika kalamu aliuliza kama nimeitwa kortini. Nikamwambia namwandikia Mcharo. Mke wangu unamjua, kitu kidogo tu kinamchekesha, lakini hapo hakucheka. Alisema, "Mwandikie, Baba Mwadime. Afadhali hivyo kuliko kuwapigia mbuzi kelele." Kwa hivyo naandika. Mwandiko uuvumilie. Shule niliiachia darasa la nne, na hilo unalijua kuliko wote, maana ndiwe uliyekuwa ukinisomea maandishi madogo kwenye chupa za dawa ya mimea, ukisingizia miwani yangu.

Nianze na mazishi yako, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuona kitu.

Watu walijaa Mghange yote. Hema zilipigwa mpaka kwenye kiwanja cha jirani, na kwaya ya akina mama iliimba hadi ukungu ukaona haya ukaondoka. Mimi nilikaa mbele, karibu na mkeo Mama Wakesho, mahali pa rafiki wa marehemu. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilitaka kuwaambia vile ulivyofundisha watu kuchanja ng'ombe, ukachanja kidole chako, ukaenda nyumbani ukimuuliza Mama Wakesho kama utaanza kutoa maziwa. Nilikuwa nayo yote kichwani. Halafu watu wa makoti ya kijani wakaingia.

Walikuja na gari la kukodi kutoka Voi, kila mmoja na beji kifuani. Nikajua ni Chama. Kile chama cha washauri wa kilimo, ambacho mimi na wewe tulikuwa tukikitaja kama mtu anavyotaja upele. Nikamnong'oneza Mkawasi, "Hawa wamepotea njia, ama wamekuja kuhakikisha amekufa." Maana nani hakujua ulivyokuwa ukiwasema? Ulisema ni watu wanaozeeka kwenye semina. Ulisema wakiona jembe wanauliza linawashwa wapi.

Kisha sanduku likafunguliwa tukuage. Nikainama, Mcharo. Nilikuwa nimeleta machozi yangu ya kweli, ya mtu mzima, yale ambayo hayatoki mara nyingi. Nikaona una tai shingoni. Tai ya kijani, ina kichipukizi cha mahindi katikati. Nikainua macho, nikaona tai hiyo hiyo kwenye shingo ya yule jamaa wa Chama aliyesimama upande wa pili. Machozi yalirudi yalikotoka.

Wewe si uliniambia? Tulikuwa Voi, kwenye ile hoteli ya karibu na stendi, mchuzi wa mbaazi ukikutiririka kidevuni. Ukasema, "Righa, siku utakayoniona na tai ya hao watu, jua ninazikwa." Nilicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia kama nimekabwa. Kumbe ulikuwa unanipa tangazo.

Hata hiyo tai ningeisamehe. Mtu anaweza kuvishwa chochote akishakufa. Lakini mwenyekiti wao akasimama, yule mama mwembamba wanayemwita Madam, ana umri wa mwanangu Mwadime. Sauti yake ni safi, maneno yake hayana haraka. Akasema wewe ulikuwa mwanachama wao. Si wa jana. Wa miaka. Kwamba hukukosa mkutano. Kwamba ulipoomba kujiunga uliwaonyesha mkulima mmoja wa huku juu, mzee aliyekuwa akilima kwa mazoea, shamba lake likiondoka na kila mvua. Ati ukamshika mkono. Ati ukamwelimisha hatua kwa hatua, kwa subira, maana mzee mwenyewe alikuwa mbishi. Na leo shamba hilo ni la mfano. Halafu akatazama watu, akasema kwa upendo, "Mzee Righa, kama upo, tafadhali simama watu wakuone."

Nilisimama. Ningefanya nini? Ukiitwa mbele ya maiti unasimama. Watu wakapiga makofi. Makofi, Mcharo, kwenye mazishi, na mimi ndiye ninayepigiwa, kama mtoto aliyefaulu kufunga kamba za viatu. Na nyuma yangu mzee wa kanisa, yule mwenye kikohozi, akasema wala hakupunguza sauti: "Kumbe huyu alikuwa mwanafunzi! Na sisi tulidhani ni mwalimu."

Waliponiita niseme maneno ya rafiki, nikawaambia kifua kinanibana. Hadithi ya ng'ombe nimebaki nayo.

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika. Jina langu limekufa kabla yangu. Vijana wa bodaboda wananiita Mfano. "Mfano, twende Wundanyi?" "Mfano, leo umeelimishwa nini?" Mama wa miche ya kabichi pale sokoni, akishaniwekea kwenye mfuko, anasema, "Sasa Mzee, kumwagilia asubuhi na jioni, kama ulivyofunzwa." Ninacheka nao. Mimi si wa kununa mbele za watu. Ninacheka mpaka nifike kwenye kona ya kanisa, pale ambapo hakuna mtu, halafu mdomo unachoka.

Na nilianza kukumbuka. Hicho ndicho kibaya cha mtu kukusaliti kisha afe: unakosa wa kumuuliza, unajiuliza mwenyewe usiku na mchana. Nikakumbuka safari zako za Voi za kuona daktari wa macho. Kila mwezi macho. Macho gani hayo yanayotibiwa hivyo na bado ulikuwa ukikanyaga sukuma wiki zangu? Mkawasi alikuwa akikutumia karoti. Mimi nilikuombea, Mcharo. Kanisani, kwa sauti, nimesimama. "Bwana, mwangalie ndugu yetu Mcharo, usimzimie taa." Na wewe ulikuwa umekaa hapo mbele yangu, kichwa umeinamisha, ukasema amina.

Nikakumbuka na picha. Siku ile kwenye shamba langu ulitoa simu ukasema, "Simama hapo, shika jembe, usicheke." Nikauliza picha ya nini. Ukasema, "Ya kumbukumbu tu, bwana, tutakufa sisi." Nikasimama. Nikavuta sura, nikatazama mbali kama mtu anayeona mavuno. Ndiyo sura uliyoipeleka Voi ukasema, huyu hapa, nimemtoa gizani.

Mkulima wako! Sasa wacha tuzungumze kama wanaume. Ulipostaafu pale ofisi ya kilimo, nani alikuja kwa nani? Wewe ndiwe uliyekuja kwangu na viatu vyako vya kung'aa, ukasema, "Righa, twende pamoja. Mimi nikizungumza watu wanalala." Na kweli walikuwa wanalala. Wewe ulisema mmomonyoko wa udongo. Mimi nikawaambia, "Mama, shamba lako limepanda gari linahamia Voi kutafuta kazi, na likifika halitakutumia chochote." Wakacheka, wakaamka, ndipo wewe ukapata nafasi ya kueleza. Hivyo ndivyo tulivyofanya, Mghange mpaka Kasigau, wewe na elimu yako, mimi na mdomo wangu. Nilidhani ni ng'ombe wawili kwenye nira moja. Sikujua mmoja anapigwa picha.

Na yale matuta ya kuzuia udongo. Naapa, Mcharo, mpaka leo sijui yalikuwa wazo la nani. Mvua ile kubwa ilipobeba nusu ya mahindi yangu, tulisimama pale kwenye mteremko tukagombana. Wewe ulisema tuchimbe mtaro tutupe udongo upande wa juu. Mimi nikasema mtu mwenye akili hutupa udongo chini, udongo wenyewe unajua njia. Mkawasi alileta chai akairudisha, hakuna aliyekuwa anakunywa. Tukajaribu yako, ikashika. Lakini mtaro wako ulioenda moja kwa moja kama reli ulifurika pale penye mparachichi, nilipokuwa nimesema utafurika, tukaupinda. Nyasi za nepia kwenye kingo zilitoka wapi? Wewe utasema wewe. Mimi nitasema mimi. Msimu uliofuata tukachimba kwako vile vile, kwa matusi machache zaidi, kwa sababu tulikuwa tumechoka. Kitu cha mtu mmoja kina mwenyewe. Kile hakikuwa na mwenyewe, ndiyo maana nilikipenda.

Basi nilikuwa nimekaa na hasira yangu, nimetulia nayo, tumezoeana, ndipo Mghoi akaja. Mghoi wa Kasigau, kiongozi wa kile kikundi cha akina mama wa ndengu. Alitoka kwao alfajiri na vumbi la njia ile liko kwenye nyusi. Hata maji hakuomba. Akasema, "Mzee, ndovu wamerudi. Na mizinga ya nyuki tuliyoahidiwa kuzungushia shamba kuwafukuza hawatupi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema wenye mradi wanataka mpango uwe na sahihi ya mshauri wa Chama, na aliyekuwa akiwatilia sahihi ni wewe, na wewe umekufa, na mvua za vuli zinakaribia, na wakipanda bila uzio wanapandia ndovu.

Nikamwambia, "Kwa hivyo hata wewe ulijua ni mwanachama?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama anajua jua. "Mzee, kila mtu Kasigau alijua. Si alipokuja peke yake kutia sahihi alikuja na beji?"

Kila mtu Kasigau! Ndovu nao walijua, bila shaka. Nikamwambia Mghoi siwezi kumsaidia. Akafunga leso upya, akasema, "Ingia hicho chama, Mzee. Ama uje wewe mwenyewe usimame shambani ukiwafukuza ndovu kwa debe, maana sisi tumechoka." Halafu ndipo akaomba maji.

Nilikaa na maneno yake. Nilikuwa nimejiapiza nisikanyage kwa wale watu hata nikifa, lakini wewe umenionyesha kiapo cha namna hiyo kina thamani gani. Nikavaa shati jeupe, nikashuka Voi.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, ngazi zinanuka dawa ya kupe. Nikaingia. Kitu cha kwanza kuona ukutani ni mimi. Mimi na jembe langu, nimetazama mbali. Madam akainuka kwa furaha. "Mzee Righa! Umekuja kututembelea?"

"Nimekuja kujiunga."

Lazima niseme haki: hakucheka. Alinivutia kiti. Akauliza kama nina cheti. Nikasema ninacho cha ubatizo. Akasema, "Hicho kitakusaidia kwingine, mzee wangu." Nikaona, aa, huyu tunaweza kuelewana. Akanieleza kwamba aliye na uzoefu bila cheti ana mlango wake, lakini lazima aonyeshe mkulima aliyemshauri. Wanaenda shambani, wanatembea, wanamuuliza mkulima mwenyewe. Hivyo tu. "Unaye mkulima?"

Ningemtaja Mghoi mambo yakaisha. Lakini ile picha ilikuwa inanitazama juu ya kichwa chake, na hasira ikatangulia ulimi.

"Ninaye," nikasema. "Mcharo."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia pole pole kwamba picha yako wataitundika kwenye mkutano mkuu, na vijana wanaoanza kazi hii watakuwa wakipewa tuzo kwa jina lako. "Yeye alisema wewe ulikuwa mkulima wake. Wewe unasema yeye alikuwa mkulima wako. Mmoja wenu ametudanganya, mzee wangu."

"Ndiyo," nikasema, "na aliye hai ni mimi."

Niliteremka zile ngazi mwepesi kama kijana. Sikufichi, nilifurahi. Nilijiona nikisimama kwenye mkutano wao, picha yako ikishushwa, na yule mzee wa kikohozi akiwa amealikwa maalum.

Wakaja, Madam na mwenzake, mpaka shambani kwako. Mama Wakesho alikuwa anachimba mihogo. Amepungua, Mcharo. Leso inamzunguka mara mbili. Madam akampa pole, akasifu matuta, akamuuliza kwa heshima, "Mama, hapa nani alimshauri mwenzake?"

Mkeo alijipangusa mikono. "Hawa wawili? Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia kelele tu. Nilipotoka mtaro ulikuwa umechimbwa na hakuna aliyekuwa amekufa. Nikashukuru Mungu."

Yule mwenzake Madam akacheka. Madam hakucheka, akaenda kukagua kingo. Ndipo Mama Wakesho akanivuta nyuma ya tangi la maji. Akaniambia tai uliiomba mwenyewe, ukiwa hospitali, pumzi imebaki kidogo. Akaniambia ulikuwa ukiivaa Voi na kuivua kabla gari la kurudi halijafika Mwatate. "Alikuwa anaogopa kicheko chako, shemeji. Kila mara alisema, nitamwambia Righa mwezi ujao."

Kicheko changu! Kwani kicheko ni fisi? Mimi nimecheka kila kitu, Mcharo. Nilicheka nikiozwa, nilicheka ng'ombe wangu alipotumbukia kwenye choo cha mchungaji. Ungeniambia, ningecheka wiki nzima. Ningekuita Daktari Tai. Ningewaambia vijana wa bodaboda wakupigie saluti. Na wiki ikiisha ningekuuliza, mkutano ni lini, na mimi nije? Hicho tu. Miaka yote hiyo hukunijua vya kutosha kungoja wiki moja.

Nilikuwa bado nimesimama hapo nyuma ya tangi wakati Madam aliponiita. Alikuwa juu ya tuta, viatu vimejaa udongo wako. "Sasa, mzee wangu. Tuseme nini?"

Nikasema ukweli. "Semeni ni sote wawili. Alinishauri, nikamshauri, tukagombana, likatoka hilo unalolikanyaga."

Akatikisa kichwa. Akasema, na niliona inamuuma kusema, "Hakuna mahali pa hiyo. Mshauri ni mmoja, mkulima ni mmoja. Ndivyo tulivyojiwekea."

Hapo ndipo wazo liliponijia, nami nalichukia. Kwamba labda na wewe, siku ile, ulisimama mbele yao ukasema sote wawili, ukaambiwa hakuna mahali pake, ukatazama ile picha yangu na jembe, ukachagua. Labda. Simuulizi Madam, na wewe usije ukaniambia ndotoni. Nikijua hivyo nitanyang'anywa hasira yangu, na sasa hivi ndiyo kitu pekee ulichoniachia.

Mama Wakesho alikuwa anatazama chini. Hakuniomba kitu. Angeniomba, labda ningekataa, unajua nilivyo. Lakini alisimama tu na muhogo mkononi, mwanamke aliyeshona kitufe cha koti lako la kijani kwa miaka bila kumwambia mtu, na mimi nikawa nimelishika jina lako mdomoni, nusura nilitafune.

Nikasema, "Andika kama alivyosema marehemu. Alinishauri yeye. Mimi nilikuwa mkulima wake."

Madam akanitazama sana. "Una hakika?"

"Na umwandike mbishi. Hilo alisema kweli."

Basi umeshinda. Picha yako itatundikwa. Mimi nikamtaja Mghoi, tukaenda Kasigau wiki iliyofuata, tukatikisika njia nzima mpaka mwenzake Madam akaacha kuuliza kumebaki kiasi gani. Akina mama walikuwa wamejipanga chini ya kile kilima, wamevaa sare. Madam akamuuliza Mghoi kama ushauri wangu ulimfaa. Mghoi si mtu wa kupamba. Akasema, "Nusu. Tulipanda pilipili pembeni kama alivyotuambia, ndovu wakaja upande usio na pilipili."

Nikaona nimekwisha.

"Lakini alirudi," Mghoi akasema. "Washauri wengine wakisikia ndovu wamekula, simu zao zinazimika. Huyu alirudi, akakaa chini pale penye nyayo, akatuambia ndovu wametupa alama ya kufeli. Tukacheka. Kisha tukafikiria nyuki."

Akina mama wakaguna kukubali. Mmoja akaongeza kwamba nakula sana, na hilo nalo liandikwe.

Wamenikubali, Mcharo. Nimetia sahihi yangu kwenye mpango wa Kasigau, ile sahihi yangu inayofanana na kuku aliyekimbizwa, na mizinga imefika kabla ya wingu la kwanza. Wakanipa tai pia. Nilitoka nayo Voi shingoni, nikapita nayo Mwatate kioo cha gari kikiwa wazi, nikashuka nayo Mghange pale penye vijana wote. Walipiga kelele mpaka mbwa wakaitikia. Nikawaacha wacheke. Haikuniua. Ungejaribu.

Jana nikaja kwako, nikasimama pale kaburini. Mama Wakesho akatoka jikoni na kikombe cha maji. Akatazama barabarani kama mchungaji hapiti, akasema, "Shemeji, hebu tasa. Usikae na hiyo kitu moyoni. Wazee wetu hawakuwa wajinga." Unajua jinsi kutasa kulivyo: unaweka maji mdomoni, unataja kinachokuuma, unayapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Baba zetu walitasa kwa pombe ya miwa. Sisi watu wa kanisa tuna kikombe cha plastiki.

Nikachukua. Nikasema kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa jina lako, kwamba ulinificha. Kwamba ulinifanya mtu wa kuonyeshwa. Kwamba niliombea macho mazima. Kwamba ulikufa kabla sijakupata. Nikajaza maji mdomoni, nikavuta pumzi nipulize. Na hapo kitu kikanibana kooni, sijui ni kicheko au ni kile kingine, maana vilikuja pamoja, na maji yote yakashuka tumboni.

Mama Wakesho akashika mdomo. "Umemeza, shemeji!"

Nimemeza, Mcharo. Hasira yako iko ndani na sasa imelowa. Mkeo alitaka niongeze kikombe cha pili, nikamwambia hapana, tumbo la mzee si pipa. Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe la kaburi lako akajifuta kwa leso. Nikakaa naye.

Sasa nakuaga, kalamu imeanza kukauka na Mkawasi anataka meza yake. Sijakusamehe. Nisikudanganye, wewe ndiwe bingwa wa hiyo. Labda itakuja, labda haitakuja, mimi si mvua kwamba mtu anitabirie. Lakini nakuahidi hili, na mimi ahadi yangu haivuliwi njiani: nikiwa hai na mgongo unapinda, magugu hayataota juu yako. Jumamosi nitakuja na jembe. Usitegemee mazungumzo.

Righa